Divai ya Vikonyo

Katika kijiji cha Curtigny mtu husamehewa karibu kila kitu. Anaweza kumkimbia mke, akaikosa misa ya Pasaka, hata akamwagilia mizabibu yake maji kwa siri, na baada ya muda watu watamsalimia tena. Lakini kushindwa kuitambua divai yake mwenyewe hasamehewi. Huyo huvishwa aproni, huosha glasi za kijiji kizima, na hutaniwa mpaka mwaka unaofuata.

Hiyo ndiyo kanuni ya Jumapili ya soksi. Kila mwezi wa tatu wenye mashamba hukusanyika ukumbini, kila nyumba na chupa moja ya divai nyekundu ya zabibu za Pinot noir, ya mwaka juzi, isiyo na karatasi ubavuni. Chupa hupokelewa mlango wa nyuma na Bi Huguette, mjane mwenye sauti ya jogoo, ambaye huzivisha soksi za sufu za marehemu mumewe na kuzipa namba. Halafu watu huonja, hutema kwenye ndoo na kubishana, na mwisho kila mkuu wa nyumba husema ipi ni yake. Mgeni akiuliza watu watazitofautishaje, ilhali zote ni za zabibu ile ile na mteremko ule ule, huambiwa anyamaze anywe.

Mzee Anselme hakuwahi kuosha glasi. Na hapakuwa na mtu Curtigny ambaye hakuwa ameambiwa hivyo na Anselme mwenyewe.

Maud, binti yake wa pekee, alikuwa ameambiwa mara nyingi kuliko wote. Ndiyo maana asubuhi ile alishuka ghala la chini kwa kunyata kuchukua chupa ya nyumba yao. Kazi hiyo ilikuwa yake kila mwaka. Ila mwaka huu hakuchukua divai ya baba. Alichukua ya kwake.

Ugomvi wenyewe ulianza mavuno ya mwaka juzi. Anselme alikuwa na mashine ya kupukuchua zabibu, aliyoipenda kuliko mbwa wake, na mbwa huyo alikuwa kipenzi chake kikubwa. Vichala viliingia upande huu, punje zikatoka safi upande ule, vikonyo vikaenda kutupwa. Maud alitaka kuvitumbukiza vichala vizima tangini, na vikonyo vyake, avikanyage kwa miguu. Divai ya baba ilikuwa nzuri, haina kosa, lakini yeye alihisi kuna kitu kinatupwa pamoja na vile vikonyo, na hakuweza kukieleza. Walizozana mpaka mama yake, Ghislaine, akagonga meza kwa mwiko. Ikaamuliwa Maud apewe zabibu za kutosha mapipa mawili.

"Mawili, basi," Anselme alisema. "Na usiniite kuonja. Mimi sinywi chai ya vijiti."

Na kweli hakuonja. Majira yalipita, divai ikakomaa, ikatiwa kwenye chupa, naye kila aliposhuka ghalani aliyapita mapipa yale kama mtu anayempita jirani aliyenuniana naye. Mzee yule alikuwa mkaidi wa kubisha kwamba mvua hainyeshi huku analoa.

Maud akachoka. Kule Alsace, mkoa wa mbali wa mizabibu, kulikuwa na mwenye shamba aliyemtaka awe msimamizi wa divai zake, naye alitaka jibu kesho yake, Jumatatu. Maud hakutaka kwenda. Alizipenda zile safu za mizabibu nyuma ya makaburi kuliko mahali popote duniani. Lakini kuzeeka akiendesha mashine ya baba yake hakuweza pia. Basi akaamua hivi: baba aonje mara moja tu, bila kujua. Akiitema na kukunja uso, yeye anafunga mizigo. Siri hiyo alimwambia mama yake peke yake.

"Akijua umemfanyia hivi mbele ya Baptiste," Ghislaine alisema huku akimfunga skafu shingoni, "tutahama kijiji, mimi na wewe."

"Twende wote Alsace, mama."

"Kule wanakula kabichi iliyochacha. Peleka chupa."

Ukumbini jiko la kuni lilikuwa linanguruma. Mezani kulikuwa na sahani za vitumbua vya jibini, vya moto bado, na paja la nguruwe lililokatwa vipande vyembamba. Chupa tisa zilikuwa zimesimama safu moja katika soksi zao, kama watoto wa shule wanaongoja kukaguliwa. Baptiste, jirani mwenye kitambi na moyo mzuri, ambaye alikuwa ameosha glasi miaka miwili mfululizo, alimpokea Anselme mlangoni.

"Mzee Anselme! Nimekuletea aproni. Ya maua. Mke wangu kaipiga pasi."

"Mwambie mkeo asante, lakini utaivaa wewe. Mwaka jana uliita divai ya Huguette ya kwako."

"Nilikuwa na mafua!"

"Na mwaka juzi?"

"Mwaka juzi wewe ulikuwa unanisemesha sikioni."

"Mimi ya kwangu naijua hata nikiwa usingizini," Anselme alisema, akaichukua glasi.

Maud alisimama karibu na jiko, kitumbua mkononi. Alimwona baba yake akianza. Aliinua glasi dirishani, akaitazama rangi, nyekundu nyepesi ya kupenyeza mwanga, akazamisha pua, akavuta kidogo mdomoni, akaisukasuka mashavuni, kisha akatema ndooni kwa mbali bila kumwaga hata tone. Kila chupa aliitolea maneno. Ya kwanza ilikuwa na ladha ya mbao za pipa, nyingi kuliko mbao za kanisa. Ya pili mwenyewe alichuma mapema, aliogopa mvua, na tunamjua kwa woga wake. Ya nne, ahaa, ya nne ni ya Baptiste, mwaka huu kajitahidi, mpeni pole.

"Umeipata ya kwako?" Baptiste aliuliza.

"Bado. Haraka ya nini?"

Akafika ya sita. Akafika ya saba. Maud aliona mabega ya baba yake yakianza kukakamaa. Mzee alirudi kwa siri kwenye ya tatu, akainusa tena, akatikisa kichwa. Alipomaliza ya nane jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Kwa mara ya kwanza Maud alimwonea huruma, akajiona mtoto mbaya. Alitamani kumkimbilia na kumwambia yote.

Kisha Anselme akaiona chupa ya tisa, akahesabu akilini, akacheka kwa sauti.

"Haya, mambo yamekwisha! Nane zote si zangu, basi hii ya tisa ndiyo yangu. Sina hata haja ya kuonja."

"Kanuni ni kanuni, mzee," Baptiste alisema. "Onja."

"Naonja, naonja. Wewe ongeza kuni jikoni."

Akamimina. Akanusa mara moja tu, na kicheko kikakatika. Akanusa tena. Maud akashika ukingo wa meza. Baba yake akavuta divai mdomoni, na mashavu yale ambayo hayakutulia tangu asubuhi yakatulia. Watu walingoja aiteme. Hakuitema. Aliimeza, akanywa tena, mara hii kama anavyokunywa mtu mwenye kiu, kisha akatafuta benchi kwa mkono, akakaa.

"Si yangu," alisema.

Ukumbi ukalipuka. Baptiste akaipeperusha aproni juu kama bendera. Mtu akapiga meza, mwingine akaanza wimbo. Angeweza kusema tu kwamba ni yake, Maud aliwaza; hesabu ilikuwa upande wake, na hakuna ambaye angembishia. Alichotakiwa ni kunyamaza.

"Si yangu," Anselme alirudia, na sauti yake iliwanyamazisha walio karibu, kisha na walio mbali. "Hii ni divai ya baba yangu."

"Mzee Célestin?" Baptiste aliishusha aproni. "Mzee, si amefariki zamani?"

"Najua alipo, Baptiste. Nilishika jeneza mimi."

Bi Huguette aliinua ile soksi, akatazama namba iliyobandikwa chini ya chupa, akatazama karatasi yake. "Chupa imetoka nyumbani kwako, Anselme. Maud ndiye kaileta."

Ndipo baba alipogeuka. Maud alitaka kutazama chini lakini hakuweza.

"Ya mapipa yako?"

"Ndiyo, baba."

"Na vikonyo vyake?"

"Na vikonyo vyake."

Anselme aliizungusha glasi polepole. Aliposema tena, hakuwa anasema na ukumbi, ingawa ukumbi mzima ulisikia.

"Mzee alifanya hivi hivi. Vichala vizima. Tulikuwa tunaingia tangini mimi na yeye, tunakanyaga, yeye anaimba vibaya. Nami nikaenda shule, nikarudi najua kila kitu, nikaleta mashine. Ya kwanza Curtigny nzima. Nilimwambia divai yake ni ya kizamani, ya washamba. Nilimwambia hivyo, mbele ya mama. Basi akaapa haonji ya kwangu. Nilimwekea chupa yangu ya kwanza pale pale kwenye sahani yake. Akanywa supu, akainuka. Siku ya pili vivyo hivyo. Chupa ilikaa mezani mpaka mama alipoiondoa. Mwaka ule ule tukamzika, hajaonja."

Kuni zilipasuka jikoni.

"Maji hufuata mkondo," Bi Huguette alisema, kwa sauti ya chini ambayo wengi hawakujua kama anayo.

Maud alikuwa analia na hakujificha. Alikuwa na furaha, na hasira kidogo vilevile, kwa miezi yote ile ambayo mzee huyu alipita mapipa yake akiangalia ukuta. Alikuwa hajui. Babu yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumwambia alitengenezaje divai.

Baptiste, masikini, alibaki katikati ya ukumbi na aproni yake. Alianza kuikunja.

"Mimi naona," alisema, "naona mzee kaitambua. Nyumba ni ile ile, damu ni ile ile. Tusimvishe aproni…"

"Usinionee huruma wewe!" Anselme aliinuka. "Nimesema si yangu, na si yangu. Ni ya binti yangu. Andika hivyo, Huguette: namba tisa, Maud. Nami chupa yangu sikuiona hapa, basi nimeshindwa, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Lete hiyo aproni."

Ilimbana kiunoni, na maua yake yalikuwa makubwa. Watu walimshangilia kuliko walivyowahi kumshangilia alipokuwa anashinda. Ghislaine, aliyekuwa amesimama muda wote ule pembeni ya mlango, alikuja akamfunga kamba mgongoni, akampiga kofi dogo begani, akaenda kujimiminia namba tisa glasi tele kabla wengine hawajaimaliza.

Jikoni nyuma ya ukumbi, Anselme alikunja mikono ya shati. Maud alichukua kitambaa cha kukaushia.

"Toka," baba yake alisema. "Adhabu ni yangu."

"Nakausha tu."

Mzee aliosha vibaya, Maud alimrudishia glasi mbili, naye akazipokea.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee aliuliza hatimaye.

"Ungeonja?"

Anselme alifikiri kwa uaminifu, povu likimchuruzika viwikoni. "Nisingeonja."

"Basi."

"Mwishoni ina ukali kidogo."

"Itatulia."

"Itatulia," alikubali. "Ya mzee pia ilikuwa inachelewa kutulia." Akasugua glasi nyingine. "Ya Alsace mama yako aliniambia. Nimekesha nayo. Hii ya chupa hakuniambia, mjanja yule."

"Wanataka jibu kesho."

"Najua."

Ukumbini walikuwa wameanza wimbo wa pili, Baptiste akiwa mbele ya wote na nje ya sauti. Maud alingoja. Alimfahamu baba yake. Alijua maneno "nisamehe" na "usiende" hayangetoka kinywani mwake hata yangevutwa kwa kulabu.

"Mwaka huu tutaanza kuchuma lini?" Anselme aliuliza.

Maud aliacha kukausha. Curtigny, swali hilo mwenye shamba haulizi. Huulizwa yeye. Wachumaji humuuliza, majirani humuuliza wakizunguka zunguka, mke wake humuuliza ili ajue ni lini awapikie wachumaji. Naye hutazama mbingu, hutafuna punje mbili tatu, akaitaja siku. Maud hakuwahi kumsikia baba yake akimuuliza mtu.

"Baba, tupo mwezi wa tatu. Mizabibu haijachipua hata jicho moja."

"Najua haijachipua," mzee alisema, akimkabidhi glasi bila kumtazama. "Najizoeza kuuliza."