Mlango Unaojifunga Wenyewe

Mume wangu Donat ni fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoshusha viazi na makaa mjini, na ana ugonjwa wa mafundi wote: hawezi kufanya kwa mikono kazi ambayo angeweza kuitengenezea mashine. Mimi nilimwomba jambo dogo tu. Nilimwomba awe anafungia kuku.

Sababu ilikuwa kwaya. Niliacha kuimba tulipompata Olive, mtoto wetu wa kwanza, na sasa Olive ameolewa Butembo, nyumba imebaki kimya. Parokia yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei yake. Cubaka, kijana anayeongoza kwaya, alinisikia nikiimba kwenye matanga ya jirani, akanifuata mpaka nyumbani kuniambia kwamba sauti nzito kama yangu hana.

"Lakini repetisiyo ni mangaribi, mama," alisema, akimaanisha mazoezi. "Mwenye atakosa mara mbili, haimbi ku jubilei."

Magharibi ndiyo saa ya kuku. Kwetu Ndosho, mtaa wa Goma, nyumba zimebanana, na mbwa na paka wasio na mwenyewe wanajua kila banda. Giza likiingia banda liko wazi, asubuhi unaokota manyoya. Ukilifunga mapema, nusu ya kuku wanabaki nje wakizunguka kama wapangaji waliofukuzwa. Lazima mtu awepo saa ileile, wala si kabla wala si baada. Miaka yote mtu huyo nilikuwa mimi.

"Papa Olive," nilimwambia, "uwe unafunga atelie mapema kidogo, urudi ku kuku."

Donat alikuna kidevu. Wateja wake, au kliya kama anavyowaita, huja kwenye atelie, karakana yake, jioni, wakishatua mizigo, kila mmoja na gurudumu lake bovu.

"Nitakutengenezea mulango yenye inajifunga yenyewe," alijibu.

Nilitamani kumrushia mwiko.

Basi ua wangu ukageuka karakana. Alichonga mlango mdogo wa mkaratusi, unaopanda na kushuka katikati ya miti miwili. Alinunua sokoni Birere taa ya sola, ya aina inayojiwasha giza likiingia na kujizima kukicha, akaiunganisha na mota ndogo aliyoing'oa kwenye redio ya kaseti. Taa ikiwaka, mota ishushe mlango, ikizimika, iupandishe. Mota yenyewe haikuwa na nguvu ya kuinua hata sahani ya ugali. Kwa hiyo alifunga kamba mlangoni, akaipitisha juu kwenye beringi ya chukudu, na upande wa pili akaning'iniza jiwe la uzito uleule, ili mota ifanye kusukuma tu. Mawe Goma hatununui. Volkano ilishatupa bure, meusi, zaidi ya tuliyohitaji.

Jioni ya kujaribu nilisimama pale nimejiandaa kucheka. Kuku waliingia, taa ikawaka, mota ikanung'unika, na mlango ukashuka taratibu mpaka chini. Nikajikuta napiga makofi.

Nikaenda kuimba. Nisiseme uongo, nilikuwa na furaha. Kuna kitu kinafunguka kifuani ukiimba katikati ya watu, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kipo.

Kisha usiku mmoja mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Nilipoamka mlango ulikuwa juu, umefunguka wenyewe, na kuku wangu mkubwa mweusi, mama wa nusu ya banda, alikuwa amebaki manyoya. Nililia. Nililia kwa ajili ya kuku, lakini zaidi nilijililia mwenyewe.

"Imeisha," nilimwambia Donat. "Sirudie kuimba ku korali."

Alilifungua lile jiwe kwenye kamba, akalipima mkononi, akaliinamisha. Maji yakachuruzika katikati ya vidole vyake.

"Jiwe ilikunywa mayi," alisema. "Ikakuwa nzito kupita mulango."

Mawe yetu yana matundu kama mkate. Tumejenga nyumba kwa mawe hayo, tumezungushia nyua, tumeyakalia tukila, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba yanakunywa. Donat alicheka. Mimi sikucheka. Akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikamwambia koleo lake halikuliwa na paka.

Aliondoa jiwe, akaweka kipande cha chuma cha gari bovu. Jioni iliyofuata nilibaki nyumbani kulinda, nikakosa mazoezi. Nikikosa tena, jubilei ningeisikiliza nikiwa nimeketi na watu wengine.

"Enda," Donat aliniambia ilipofika siku ya mazoezi mengine. "Chuma haikunywe."

Nikaenda. Hatujamaliza wimbo wa kwanza, mvua ikaanza kupiga mabati ya kanisa. Wimbo baada ya wimbo mdomo wangu uliendelea, masikio yalikuwa nyumbani. Cubaka alisimamisha wimbo.

"Mama Olive, sauti yako iko wapi?"

Ilikuwa bandani. Nilichukua kitambaa changu nikatoka kwenye mstari. Nilijua maana yake, na Cubaka pia alijua, kwa sababu alishusha mikono. Mlangoni nikagongana na Donat, amelowa chapachapa, vumbi la mbao limemgandia shingoni.

"Unaenda wapi?"

"Ku kuku."

"Imejifunga. Nilisimama na mvua, nikaiangalia mupaka ikafika chini. Nikangoja tena sana. Haikupanda. Rudia, uimbe."

Nilirudi kwenye mstari, na safari hii sauti yote ilikuja. Donat aliketi benchi la mwisho akichuruzika maji, akasikiliza mpaka tukamaliza.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika. Tulitembea kwenye matope, na akili yangu ikaanza kupiga hesabu. Huyu mtu alikuwa nyumbani magharibi.

"Na kliya?" nilimuuliza.

"Nilifunga atelie."

"Kumbe unaweza kufunga mapema."

Alikunja suruali matope yasimfikie, akaendelea kutembea.

"Papa Olive, kama unaweza kufunga mapema juu ya kuangalia mulango, ungeweza kufungia kuku na mukono. Tangu mwanzo."

Nilidhani atanitania. Alizunguka dimbwi kwanza, akaningoja ng'ambo yake.

"Na mukono ningefunga siku mbili, tatu," alisema. "Kisha kliya moya angekuja na chukudu ya kuvunjika, ningesema Mama Olive abakie nyumbani, ni leo tu. Na ile leo tu haingeisha. Miye najijua. Njo maana nilitafuta kitu yenye haina kliya."

Mwanaume huyu amenioa miaka mingi, ameniambia mazuri mengi, lakini hakuna lililonifika kama hilo. Nilimpenda sana pale, na matope yote yale. Nikamshika mkono wake uliolowa, tukaenda nyumbani polepole, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuwahi kufunga.