Kijani cha Ndani ya Kifuniko

Kaka zake walimwita binti huyu Rubani wa Sebuleni, maana alirusha ndege kila siku bila kuinuka kwenye kochi. Wakimcheka, aliwatupia mto. Lakini mjomba wake alipoinama mbele ya kompyuta, akakunja uso na kusema, "Hiyo siyo rangi yetu," hakutupa kitu.

Kwa miezi mitatu alikuwa akiipaka rangi, kwenye mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, ndege ya kampuni iliyokwisha kufungwa. Mjomba alikuwa fundi rangi wa kampuni hiyo kwa miaka kumi na tisa. Kazi yote hiyo ni ili mjomba atazame siku moja aseme: ndiyo yenyewe.

"Nimeichukua kwenye picha za ndege halisi, mjomba, ile iliyobaki uwanjani. Watu mia mbili kwenye kundi letu la wachezaji mtandaoni wameikubali."

"Hao mia mbili waliipaka lini?"

"Labda macho yako ndiyo yamepauka."

Alitamani alimeze lile neno, lakini lilikuwa limeshafika. Mjomba alichukua kofia.

"Vaa viatu."

Ndege ilikuwa nyuma ya karakana ya uwanja wa ndege, matairi yamelala chini, kijani chake kimechuja kama fulana iliyofuliwa na mtu mwenye hasira. Mlinzi alimjua mjomba, akawaachia wapite. Mjomba akapanda juu ya pipa tupu, akafungua skrubu za kifuniko kidogo cha ubavuni kwa sarafu, akakigeuza.

Upande wa ndani, ambako jua halikuwahi kufika, kulikuwa na kijani kizito, kibichi.

"Bosi aliniambia huku hakuonekani, nisipoteze rangi," mjomba alisema. "Nikapaka. Wao wakaja kuitelekeza juani kama gari bovu. Na wewe umempiga picha marehemu, unawaambia watu ndivyo alivyokuwa akiishi."

Binti aliweka karatasi nyeupe kando ya kifuniko, kamera isidanganywe na mwanga, akapiga picha.

Nyumbani akaipaka ndege upya kwa rangi ileile ya kifuniko. Ikawaka kama chura wa plastiki.

"Umefanya nini tena?" mjomba akafoka.

"Nimeweka hiyohiyo yako."

"Yangu haipigi kelele hivyo."

Binti akaihamisha saa ya mchezo kutoka mchana hadi jioni, chura akatulia. Hapo akaelewa: mchezo una jua lake, nalo linamwagwa juu ya rangi yoyote unayoipa. Ilibidi rangi itiwe giza kwanza.

"Teremsha," mjomba akasema.

"Nimeteremsha."

"Hujateremsha, umeibembeleza. Tena. Umezidisha sasa, unazika mtu? Rudi kidogo. Kidogo, nimesema."

"Si nakusikia, mjomba."

"Ungenisikia tungekuwa tumemaliza. Hapo."

Mjomba akakitazama kile kijani mpaka kompyuta ikataka kuzima kioo. "Ndiyo yenyewe," akasema, kwa sauti ya mtu anayegomba.

Binti akaituma kundini. Kabla hajavuta pumzi, mmoja akaandika: *Rangi umekosea, ya kwanza ilikuwa sahihi. Linganisha na picha.*

Vidole vya binti vilikuwa vimeshaanza kugonga matusi ya heshima pale mjomba alipovuta kiti, akasukuma mkono wake pembeni na kuinua kidole kimoja kinene juu ya herufi.

"Huyu niachie mimi."