Koti Kwenye Msumari wa Benta

Mzee Kagwe hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mwenye nia mbaya unamkemea, ukatulia. Huyu alikuwa mzee wa kanisa letu pale Ruiru, mpole, mwenye kuvua kofia hata akisalimiwa na watoto, na bado alituletea balaa ambalo hata mlevi asingeliweza.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1956, baridi ile ya manyunyu ambayo huficha jua wiki nzima. Wazungu wa misheni huko Thika walikuwa wamepokea masanduku ya makoti kutoka kwao Ulaya, wawagawie wajane na wazee. Ya kaki yaliondolewa kwanza, maana miaka hiyo ya hali ya hatari Mkikuyu akionekana na koti la kiaskari alikuwa anajitafutia jela. Ya kike yaliishia Thika kwenyewe. Sisi wa Ruiru tuliletewa ya kiume, meusi, mazito, na Kagwe akapewa kazi ya kuyafikisha kwa wenyewe.

Benta alikuwa mmoja wao. Tuliishi mlango kwa mlango kwenye laini ya vyumba vya wafanyakazi wa shamba la kahawa upande wa Mugutha, mimi na mume wangu, yeye na binti yake mdogo ambaye kikohozi kilikuwa kimekataa kumwacha. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyapara akamwachia Benta kile chumba kwa sababu alichuma kahawa upesi kuliko wanaume. Lakini huko Alego shemeji yake, Tobias, alikuwa akituma salamu kwa kila mtu aliyepanda gari moshi: anakuja kumrithi mke wa ndugu yake na kumrudisha nyumbani, kama desturi yetu Wajaluo ilivyo. Tobias tayari alikuwa na wake wawili. Benta hakumtaka, wala hakutaka kuacha kazi yake, ila kumwambia hivyo mbele ya ukoo alikuwa hajui aanzie wapi.

Basi Kagwe alifika tukiwa shambani. Angeweza kungoja. Angeweza kurudi kesho. Lakini kwa adabu zake aliona si vizuri mwanamume kuonekana amekaa mlangoni kwa mjane, kwa hiyo alisukuma mlango, akalitundika koti kwenye msumari wa ukutani, akaenda zake akiwa na roho safi.

Sasa, kwetu Wajaluo, koti la mwanamume likining'inia ndani ya nyumba ya mjane, hakuna anayeuliza swali. Maana yake mwenye koti ameshamchukua mjane. Mzee Kagwe, Mkikuyu, angejuaje? Hakuwahi kutuuliza mambo yetu, na sisi hatukuwahi kumweleza.

Jioni tulirudi kundi zima, na wengi wa laini ile walikuwa watu wa kwetu. Benta akafungua mlango, sote tukaliona. Hakuna aliyesema neno, na wanawake wa laini yetu wakinyamaza ujue mambo yameharibika.

"Nyar Ugenya," nikamwambia tulipobaki wawili, maana nilizoea kumwita kwa jina la kwao, "nani ameweka hii koti?"

"Ni ile ya kanisa. Kagwe aliniambia ataleta."

"Basi itoe hapo kabla maneno haijafika kwa Tobias."

"Wacha ikae, Mama Ouma. Maneno ikimfikia, labda hatakuja."

Nilikasirika. Nilimwambia anachezea jina lake mwenyewe, na kwamba uongo wa kimya bado ni uongo. Siku zilizofuata alikwenda kuchuma kahawa kwenye manyunyu akiwa na gunia mabegani, na usiku mtoto akakohoa chini ya blanketi lililokwisha. Roho iliniuma sana. Koti limevuka bahari kuja kumpasha mtu joto, nalo linaupasha ukuta.

Na maneno yalimfikia Tobias kweli, ila badala ya kumzuia yalimharakisha. Alishuka stesheni ya Ruiru Jumapili, tukiwa ndiyo tumetoka kanisani, amevaa koti lake la kahawia lililopigwa pasi. Benta akampa chai. Tobias hakuinywa. Alikuwa anautazama msumari.

"Hii ni ya nani?"

Benta aliendelea kukoroga chai isiyo na sukari. Hasira zikanipanda, na mimi hasira zikinipanda mdomo hauningoji.

"Ya mzee wa kanisa," nikasema. "Anaitwa Kagwe."

Tobias aliweka kikombe chini, akatoka kumtafuta. Alimkuta anafunga mlango wa kanisa, akamuuliza kwa heshima zote, mbele ya Nyawira, mke wa Kagwe wa ndoa ya pete, ni lini anapanga kuja Alego kuwaona wazee juu ya Benta. Ndiyo maana Nyawira alikuwa wa kwanza kufika kwenye laini yetu. Mumewe alifuata nyuma, anatoka jasho kwenye baridi ile.

"Mimi nilipeana tu koti ya misheni," Kagwe alisema, kofia mkononi. "Hata Nyanya Ngina wa Gitothua nilimpelekea. Sasa yeye pia nimemuoa?"

Nyawira akashusha pumzi. Tobias akacheka, akacheka tena, akampa Kagwe mkono na kumwomba radhi. Kisha akaingia ndani kwa Benta, sisi tukajazana mlangoni, akaanza kufungua vifungo vya koti lake la kahawia taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Niliogopa. Niliona ni mimi niliyemfungulia njia.

Benta akainuka. Alilishusha lile koti jeusi kutoka kwenye msumari, akalivaa, likamfika vifundoni. Akamchukua binti yake, akamweka kifuani ndani ya koti, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka cha juu.

"Koti ni yangu," alisema. "Nililetewa mimi, na ni mimi nitavaa. Kwa hii nyumba hakuna koti ya mwanaume, na mimi sitaki itundikwe."

Kila mtu alisikia. Tobias alisimama mkono mmoja ndani ya koti lake na mwingine nje, akitutazama mmoja mmoja. Kagwe aliangalia viatu vyake. Mimi sikuangalia chini.

"Vaa yako, shemeji," Benta akamwambia, kwa upole kabisa. "Huko nje kuna baridi."