Kiberiti cha Kari ya Kuku

Mtaani walimwita Barafu kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza friji. Wasidhani wageni kwamba lilikuwa jina la tabia, maana kwa tabia mtu huyu hakuwa na ubaridi hata chembe. Aliyempelekea friji bovu alipokewa kwa karipio kwanza: "Mnafungua mlango kila dakika, mnatazama nini humo? Nyama imeota miguu? Acheni kitu kikae!" Mteja akaondoka kichwa chini. Jioni Barafu huyo huyo akifika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua kila sufuria. Mganga hajigangi.

Mkewe alifanya kazi miaka mingi katika jiko la mkahawa wa Kichina. Huko ndiko alikojifunza kari yao ya kuku, akaihamishia nyumbani, ikawa chakula cha Jumapili mchana. Kuku wa vipande vyembamba, vitunguu na pilipili hoho vilivyokatwa vikubwa vikubwa, na mchuzi wa manjano unaong'aa, mzito kiasi cha kuushika wali bila kuuzamisha. Barafu aliila miaka yote hiyo asiulize imepikwaje. Mtu haulizi jua limechomozaje.

Sasa mkewe hayupo. Mwaka ulikuwa umepita tangu wamzike, na binti yao wa pekee, nesi, alikuwa amepata kazi ng'ambo. Jumatatu angepanda ndege. Baba alipomuuliza anataka kuagwa kwa chakula gani, jibu lilikuwa mdomoni tayari.

"Kari ya mama."

"Hiyo tu?" Barafu akajipiga kifua. "Njoo Jumapili."

Alipobaki peke yake ndipo alipoona amejitia kitanzi mwenyewe. Wiki nzima, kila jioni akitoka karakana, alipika. Vitu vinavyoingia alivijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akibeba kikapu sokoni: kitunguu saumu na tangawizi, bizari ya kukaangwa mpaka inukie, supu ya kuku, sosi ya soya, sukari kidogo, na unga wa wanga wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Siku ya kwanza aliutia wanga mkavu hivyo hivyo, mchuzi ukafanya madonge, akamtukana kuku, akamtukana na aliyevumbua sufuria. Siku zilizofuata aliukoroga kwa maji baridi kwanza, madonge yakaisha. Lakini ladha haikuja. Bizari ilikaa upande wake na kuku upande wake, kama wageni wasiojuana kwenye benchi moja.

Si tumbo lililomsumbua. Sauti ya mkewe ilikuwa imeanza kumpotea. Asubuhi nyingine aliitafuta kichwani asiipate, akabaki kitandani akiutazama mto wa pili. Aliyobaki nayo ni ladha ile. Ikipotea nayo, na mtoto akaondoka bila kuionja, atakuwa amemzika mkewe mara ya pili, tena kwa mikono yake mwenyewe.

Jumapili binti akaja, akaketi kwenye kigoda cha jikoni kama zamani. Barafu alikaanga, akakoroga, akafunika, akafunua. Akafunika tena. Akafunua.

"Baba, unatazama nini humo?"

"Naangalia kama imeiva."

"Kuku ameota miguu?"

Barafu hakucheka. Alichota kwa kijiko, akaonja, akakiweka chini taratibu.

"Siyo yenyewe," alisema. "Nilikudanganya, mwanangu. Siijui. Nimepika wiki nzima, siijui."

Binti alimtazama baba yake, mikono mikubwa ile iliyozoea bisibisi ikiwa imeganda juu ya aproni ya mama. Akainuka, akazima jiko, akaifunika ile sufuria ya ugomvi.

"Baba," alisema, "kiberiti kimekwisha. Nenda dukani."

Barafu akashtuka. Maneno yalikuwa yale yale ya mkewe, hata na ule uvivu wa sauti mwishoni. Kila Jumapili, kari ikikaribia kuiva, kiberiti kilikuwa kimekwisha, naye akatumwa, akaenda akinung'unika kwamba ameoa mwanamke anayekula njiti. Tena si duka la jirani, maana la jirani eti viberiti vyake vina unyevu. Ni lile la mbali, ng'ambo ya barabara kuu.

Alikuwa tayari anatafuta viatu, kwa mazoea, macho yake yalipoangukia jiko. Jiko la gesi, la kubonyeza. Yeye ndiye aliyelifunga. Halijawahi kuomba njiti hata moja.

Binti alifungua kabati la chini, akasogeza masufuria mabovu. Nyuma yake viberiti vilipangwa mpaka juu, vyote havijaguswa.

"Alikuwa anakutoa jikoni. Kule mkahawani kari inapikwa mapema, inaepuliwa, inafunikwa, inaachwa itulie. Wateja wakija ndipo inapashwa na kutiwa wanga. Mama alisema ikiliwa papo hapo ni mchuzi tu. Sasa ukiwepo wewe, itatulia saa ngapi?"

"Na wewe ulijua?"

"Mimi ndiye niliyekuwa navificha."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia, baba. Alikuambia mpaka akachoka. Ukawa unasema 'sawa, mke wangu,' huku unafunua."

Barafu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikageuka katikati ya njia, mabega yakamtikisika. Binti akamwacha. Baadaye alijipangusa uso kwa aproni, akavaa viatu, akaenda lile duka la mbali.

"Barafu!" mwenye duka akapaza sauti. "Nilidhani umehamia gesi!"

Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Binti alikuwa ameipasha kari na kuitia wanga, mchuzi ukang'aa. Barafu akaonja akiwa amesimama, kiberiti bado mkononi. Ilikuwa yenyewe. Wakala, na binti hakujisumbua kuyaficha machozi yake.

Jumatatu ndege ikaondoka naye.

Jumapili iliyofuata Barafu alipika peke yake, katika sufuria ndogo. Kuku alipoiva alizima jiko, akafunika. Mkono ukanyooka wenyewe kuelekea kifuniko, akaurudisha. Akasimama palepale akisubiri kutumwa. Alisubiri kitambo.

"Haya, mke wangu," alisema hatimaye, "kiberiti kimekwisha. Nimekwenda."

Akaurudisha mlango polepole, akashika njia ya duka la mbali.