Vichwa Viwili Visivyo na Majina

Futi hakuwa na cheti cha shule ila kile cha masomo ya jioni, alichokipata akiwa na miaka arobaini na mitatu. Hakuwa na mke tena. Hakuwa na meno manne ya juu ya mbele. Hakuwa na mwenzake wa kazi ila mdogo wake, na hakuwa na imani na mtu yeyote anayejibu swali huku akitabasamu.

Jina la Futi alipewa na wateja, kwa ajili ya utepe wa kipimo aliouvaa shingoni kama tai. Alishona kofia za sare: za walinzi, za madereva, za wapiga tarumbeta. Mdogo wake alikata karatasi ngumu za kutia kwenye ukingo wa kofia, na mkono wake ulikuwa mzuri, ila zipo siku aliweka mkasi chini akamsikiliza mtu asiyekuwepo. Hospitali iliyaita maradhi hayo skizofrenia. Ndugu hao wawili walikaa vyumba vya nyuma vya nyumba aliyoiacha baba yao.

Dada yao, aliyezaliwa katikati yao, alikuwa mji mwingine. Aliandika: “Kaka, nasikia kuna daktari anayepiga picha za ubongo wa wagonjwa kama mdogo wetu, na kwamba ubongo wao hupungua. Picha ikionyesha wake umepungua, apelekwe makazi ya wagonjwa, na chumba chake wakae wanangu. Nangoja jibu lako.”

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya hospitali. Daktari aliomba kupiga picha za mgonjwa pamoja na ndugu yake mzima, apate kulinganisha. Futi aliziweka barua mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Wiki moja. Wino mmoja wa buluu.

“Hawa wamepanga,” alisema.

“Nani?”

“Dada yako na daktari.”

Mdogo wake akacheka. “Kaka, wa kuwashuku watu ni mimi, nina cheti cha hospitali. Wewe unaifanya kazi hiyo bila leseni.”

“Nyamaza, lete kichwa.”

Akakizungushia kipimo. Sentimita hamsini na nane. Akajipima mwenyewe: hamsini na sita. Aliandika yote kwenye daftari la wateja, akapiga mstari chini kwa rula. Kichwa kikubwa kitabebaje ubongo mdogo? Kesho yake alilipeleka daftari hospitali kama mtu anayepeleka ushahidi, mdogo wake nyuma yake.

Daktari alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa binti yake. Alizisoma namba bila kucheka, na hilo nalo Futi hakulipenda.

“Kipimo chako ni sahihi, baba,” alisema. “Lakini umepima nyumba kwa nje. Sisi tunatazama vyumba.”

“Na vyumba vyake umeshaambiwa vikoje?”

“Na nani?”

“Wewe unajua na nani.” Futi akatoa sharti lake: picha ziletwe bila majina, na yeye mwenyewe ataonyesha ipi ni ya nani.

Daktari alimgeukia mgonjwa kumuuliza kama anakubali.

“Mimi nimekubali tangu nilipoisoma barua,” alisema mdogo mtu. “Anayesumbua ni huyu mzima.”

Kwa kuwa mashine ya kupigia picha ni sumaku, muuguzi alimchomoa Futi pini za kushonea kwenye kola. “Ziko kumi na moja,” Futi alimwarifu. Ndani ya mashine kulikuwa na kishindo kama karakana ya wafua mabati. Alipotoka alizihesabu pini zake. Zilikuwa kumi na moja, jambo ambalo halikumtuliza.

Wiki iliyofuata daktari aliweka picha mbili mezani, ubongo ukionekana kwa juu kama uliokatwa. Katika moja, mashimo mawili meusi ya katikati yalikuwa membamba, na mikunjo imejaa hadi kwenye fuvu. Katika nyingine mashimo yalikuwa mapana, na mikunjo imejivuta ndani, kama kitambaa kilichorudi baada ya kufuliwa kikaacha bitana yake.

Futi alimtazama mdogo wake. Kisha akaweka kidole, taratibu, juu ya ile ya pili.

“Huyu ni mdogo wangu.”

“Huyo ni wewe, baba,” alisema daktari.

“Umezibadilisha.”

Daktari hakubishana. Alitoa picha nyingine ya kichwa hichohicho, yenye namba ileile pembeni, iliyopigwa kwa ubavu. Pua ilionekana, kidevu, na mdomo wa juu uliobonyea ndani kwa kukosa meno. Futi alipitisha ulimi kwenye pengo lake.

“Nimepungukiwa?”

“Umezeeka. Ubongo hunywea kwa umri, na mashimo haya yenye maji hupanuka.”

“Na wao, wagonjwa?”

“Tukikusanya wagonjwa mamia na wazima mamia, wastani wa ubongo wa wagonjwa huwa mdogo kidogo na mashimo makubwa kidogo. Sababu zote hatujazijua. Huenda hata dawa zinachangia. Lakini kwa mtu mmoja, picha hainiambii kama ni mgonjwa, wala kama anaweza kukata karatasi. Dada yenu alipopiga simu nilimwambia hivyo. Hakupenda.”

“Kwa hiyo alipiga simu.”

“Alipiga.”

Kumbe katika shuku zake zote hiyo moja ilikuwa na ukweli, na haikumpa raha yoyote.

Walipokaribia nyumbani mdogo wake alisimama. “Kabla hujaweka kidole ulinitazama mimi,” alisema, “si picha.”

Futi akatangulia kufungua mlango.

Ndani alizitoa picha walizopewa na daktari, akaandika: “Dada, hizi ni picha za ndugu zako wawili. Mmoja ubongo wake umepungua. Niandikie ni nani kati yetu, na namba ya picha yake. Ukimtaja sawasawa, huyo ndiye atakayehama, kama ulivyotaka. Ukikosea, hahami mtu, na neno hili lisirudiwe tena.” Picha ya ubavuni, yenye pengo la meno, aliifungia kwenye droo.

“Yangu iende,” alisema mdogo wake, “ila usiikunje.” Kisha akauliza, “Akikutaja wewe, utahama kweli?”

“Nimeandika.”

“Chumba chako kina jua zuri.”

Futi alipaka gundi bahasha. Kwa kuwa hakuiamini gundi, aliishona pia kwa uzi mweusi, mdogo wake akimshikia ukingo. Waliipeleka posta wenyewe. Futi aliitumbukiza kwenye sanduku, akainamisha sikio hadi aliposikia imeanguka.