Amri ya Mlango wa Nyuma

Mechi ilipokuwa inakaribia kuanza, Radhia alimpigia simu Adolphe, mlinzi wa uwanja.

"Funga mlango wa nyuma, kisha ufunguo uniletee."

"Mama Directrice, na watu wakitaka kutoka mbio?"

"Funga, nimesema."

Alikuwa na sababu yake. Wiki iliyopita mashabiki walipitia mlango huo wakampiga refa, na shirikisho likatishia kuifungia Inkuba FC, klabu aliyoiongoza kama mkurugenzi kwa mwaka wa pili.

Dakika ya themanini mvua ilishuka kwa upepo, waya wa umeme ukaanguka juu ya mabati ya jukwaa. Cheche zikaruka. Watu wakakimbilia mlango wa nyuma. Radhia, ufunguo mkononi, alisukumana kuufikia, lakini umati ulimrudisha nyuma mara tatu. Alipofika, vijana walikuwa wameshaubomoa kwa mawe. Chini walilala majeruhi ishirini na wawili. Mzee Népomuscène, shabiki wa tangu zamani, alikuwa amevunjika mbavu na hapumui vizuri.

Asubuhi polisi walimkamata Adolphe. Moubarak, mwenyekiti wa bodi, akaja ofisini na karatasi: mlinzi alifunga mlango bila idhini ya uongozi.

"Tia sahihi, dada Radhia. Mwenyewe amekubali."

"Amekubali nini?"

"Amesema ni yeye. Wallahi, hakukutaja kabisa."

Radhia alisoma mara mbili. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile aliona nafuu. Akatia sahihi. Saa saba mchana redio iliisoma taarifa hiyo Bujumbura nzima.

Kesho yake mwanamke aliingia ofisini na mfuko wa nguo. Alikuwa Nsimire, mke wa Adolphe. Walikuwa wamekimbia vita pamoja kutoka Uvira, Kongo.

"Mama, naomba unipatie mutu wa kunipeleka kwa polisi. Mi peke yangu naogopa, karatasi zetu za ukimbizi zimeisha."

"Adolphe alikuambia nini?"

"Alisema tusikusumbue. Alisema we ukibaki kwa kiti chako cha klabu, utatukumbuka."

Radhia alishindwa kumtazama usoni. Akachukua mkoba. "Twende."

Kituoni komiseri wa polisi alimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mlango ulifungwa kwa amri yangu. Alinionya, nikamkatalia. Taarifa ya jana ni ya uongo, na sahihi ni yangu."

Komiseri aliweka kalamu chini. "Unajua unachosema, madame? Yule mzee akifa?"

"Najua."

Aliyarudia maneno yote yakaandikwa. Adolphe aliletwa, jicho moja limevimba kwa jiwe la siku ya mechi. Nsimire akamshika mkono.

"Nisamehe," Radhia alisema.

"Mi sikukutaja, ila nilikungoja jana, mama," Adolphe alijibu. "Nilisikia redio humu ndani, nikajua hauji."

Komiseri akaamuru aachiliwe. Adolphe akachukua mfuko wa nguo, wakatoka na mkewe.

Moubarak alipiga simu mara tisa. Kabla ya jua kuzama bodi ilikuwa imemvua Radhia cheo, na pasipoti yake ikabaki kwa mwendesha mashtaka. Alikwenda hospitali kwa miguu, akajitambulisha kwa watoto wa Népomuscène. Binti mkubwa, Joëlla, alimfukuza mbele ya wauguzi. Siku ya tatu alimruhusu kusimama mlangoni. Mzee alipona taratibu, ila hakuweza tena kupanda ngazi.

Adolphe aliitwa tena kazini na uongozi mpya. Alikataa. Sasa anapakua saruji katika ghala moja la Zone Industrielle, eneo la viwanda.