Mstari Usiopigiwa Makofi

Hakuwa na mguu wa kushoto, kuanzia goti kwenda chini. Hakuwa na mke. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Hakuwa na meno ya nyuma, wala sauti nene, wala cheti chochote isipokuwa kile cha masomo ya jioni, alichokipata akiwa na miaka hamsini na miwili na kukitundika juu ya meza yake ya kazi. Na kwa kuwa alikuwa fundi viatu, watani hawakumwacha: mganga hajigangi, walisema, lakini huyu kila jozi anayojishonea humbakizia kiatu cha akiba.

Alichokuwa nacho ni maneno. Tangu kisukari kimle mguu, aliitwa kwenye mikutano ya wagonjwa, kwenye karakana na kumbi za vyama, aeleze jinsi alivyoinuka tena. Walimbandika jina la Simama, likamkaa. Alipanda jukwaani kwa magongo yake mawili, akangoja watu watulie, kisha akasema, "Ugonjwa ulichukua mguu. Lakini haukuuweza mwendo wangu." Hapo ukumbi mzima ulisimama, na wengine walifuta machozi.

Hotuba ile aliishughulikia kama anavyoshughulikia kiatu. Aliiandika daftarini, mstari kwa mstari, na kila akirudi nyumbani aliweka alama ya penseli pale palipopigiwa makofi. Mstari uliopita kimya mara tatu aliukata, kama anavyokata ngozi inayozidi ukingo wa soli. Miaka mitatu hotuba ilizidi kung'aa.

Barua ya mjane ilimkuta mchana, gundi ikiwa bado vidoleni. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyezoea kalamu. Mumewe, aliandika, alikuwa mchomelea vyuma, naye alikuwa na kisukari. Alimsikia Simama kwenye ukumbi wa chama cha mafundi, akarudi nyumbani mtu mwingine. Akawa anaamka alfajiri kwenda kutembea, akaacha kulalamika, akaacha na sindano zake za kisukari. Alisema mzee yule amekishinda kwa moyo, na moyo hata yeye anao. Wiki ya saba hakuamka.

Mjane hakutukana. Aliuliza jambo moja: "Mzee wangu, siku ile uliwaambia habari ya sindano, au hukuwaambia? Shemeji zangu wanasema mimi ndiye niliyempuuza ndugu yao. Nataka nijue tu."

Jioni binti yake Simama alirudi kutoka kazini. Alikuwa karani wa mahakama, na alijua faida ya kunyamaza. Aliisoma barua akiwa amesimama, mkoba ungali begani.

"Andika uliwaambia, baba. Kwani hukuwa ukisema?"

"Mwanzoni."

"Basi si uongo."

"Hata dawa hupitwa na tarehe, mama."

"Usinipe hotuba. Hapa si jukwaani."

Akamkumbusha kwamba wiki ijayo anangojwa kwenye ukumbi mkubwa wa hospitali, na picha yake imeshabandikwa getini. Neno hili likitoka nje, nani atamwita tena? Atarudi kuwa kilema anayebandika soli.

Mzee aligeukia meza yake ya kazi. Alivuta droo, akasogeza makopo ya gundi na kikasha cha sindano zake, akatoa daftari. Mstari aliupata bila kuutafuta sana: Kila asubuhi, kabla ya chai, najidunga sindano, na sijaruka hata siku moja. Ulikuwa umekatwa kwa rula, kwa unadhifu, na pembeni palikuwa na tarehe. Miezi miwili kabla ya ukumbi wa mafundi. Aliikumbuka siku aliyoukata. Alipoutamka, watu walitazama viatu vyao, mmoja akapiga mwayo, naye akaona haya kama mtu aliyetaja choo mezani.

Sindano yenyewe hakuiacha. Hata asubuhi ile alikuwa amejidunga.

Alianza barua mara tatu kwa maneno mazuri, na mara tatu akaichana. Ya nne ilikuwa fupi.

"Mwanangu, sikuwaambia. Zamani nilikuwa nikisema, nikaacha kwa sababu watu hawakupiga makofi. Mimi mwenyewe najidunga kila asubuhi. Bila hiyo ningekuwa kaburini. Mumeo alisikia vizuri. Kosa ni langu, si lako. Waonyeshe shemeji zako."

Akaichomoa na ile karatasi ya daftari, yenye mstari uliokatwa na tarehe yake, akaikunja ndani ya barua.

"Ukiituma hiyo umekwisha, baba," binti alisema. Sauti yake haikuwa na ukali tena.

"Mchomelea vyuma ndiye aliyekwisha."

Bahasha ilikuwa ya siku nyingi, gundi yake imekauka. Aliipaka ile ya viatu, akaikandamiza kwa nyundo kama anavyokandamiza soli, akangoja ishike. Kesho yake asubuhi alijidunga, akanywa chai, akachukua magongo. Binti alijitolea kumpelekea barua, mzee akakataa. Njiani mtu mmoja alimpungia mkono na kumwita Simama, naye akainamisha kichwa akaendelea na safari.

Kwenye sanduku la posta aliegemea ukuta ili apate mkono mmoja ulio huru. Akaisukuma barua ndani hadi ikamtoka vidoleni.